Joto la Kabatini

Aliyejenga lile jengo la Maryvale, upande wa magharibi wa jiji la jangwani la Phoenix, alikuwa na akili zake mwenyewe. Nyumba nane, nne chini na nne juu, dari moja ndefu inayopita juu ya zote, na tundu la kupandia darini ni moja tu, nalo akaliweka ndani ya kabati la nguo la nyumba namba saba. Si ngazini, si varandani. Kabatini. Kwa hiyo kila fundi aliyetaka kwenda juu, awe wa nyaya au wa panya, ilibidi kwanza apishane na nguo za Obdulia Carranza na mumewe.

Zamani haikuwa taabu. Mumewe, Fermín, alikuwa fundi wa mashine za kufulia, na fundi humwonea fundi mwenzake huruma. Aliwatolea nguo yeye mwenyewe, akawashikia ngazi, na wakishuka wakakuta bilauri ya maji mekundu ya maua ya rosela na maneno yasiyokwisha. Lakini Fermín alifariki Februari. Moyo ulisimama akiwa amepiga magoti nyuma ya mashine ya mtu, bisibisi mkononi.

Watu walingoja Obdulia alie. Hakulia. Mazishini alisimama ameshika mkoba wake kama mtu anayesubiri basi. Wengine wakasema mama huyu jasiri, wengine wakasema hana moyo, na wote walikuwa wanapayuka tu. Alikuwa na ganzi. Ile ganzi ya mguu uliokaliwa, ila yake ilimshika mwili mzima na haikutaka kuachia. Alikwenda kazini kwenye jiko la shule, akarudi. Shule zilipofungwa akabaki nyumbani. Aliungua kidole kwa kikaango cha chapati za totila na akaona lengelenge kabla hajasikia maumivu. Alipika maharage, akala, na ungemuuliza yana ladha gani asingejua. Bakuli moja alimpelekea Maribel, jirani wa namba nane, kama alivyozoea kila wiki. Maribel alirudisha bakuli tupu akasema yalikuwa matamu.

Mwisho wa Mei jua likaanza kuonyesha ubaya wake. Jioni moja Obdulia alifungua kabati kutafuta shuka. Mashati sita ya kazi ya Fermín yalikuwa yametundikwa palepale alipoyaacha, kila moja na jina lake kifuani kwa uzi mwekundu. Hayakufuliwa. Fermín hakuwa mtu wa kutupa shati kwenye tenga kwa sababu ya siku moja tu. Alilitundika, akalivaa tena keshokutwa. Obdulia akayasukuma kando ili aifikie shuka, na mkono wake ukasimama.

Mashati yalikuwa na joto. Joto la mwili, kama yamevuliwa sasa hivi.

Sababu yake aliijua, hakuwa mjinga. Mfuniko wa lile tundu la dari ulikuwa ubao mtupu, hauna hata kipande cha sponji, na dari za Phoenix wakati wa kiangazi ni tanuri. Joto lilishuka kabatini mchana kutwa. Fermín naye alijua. Kila kiangazi alisema, "Kesho nitaubandika sponji," na kila kesho ikaenda kwenye mashine ya mtu mwingine. Obdulia alimnunia miaka na miaka kwa ajili ya ubao ule. Mtu anayetengeneza vya mji mzima, chake kinamshinda!

Sasa aliingiza uso katikati ya mashati, akanusa sabuni na grisi, na kwa mara ya kwanza tangu Februari akahisi kitu. Kitu kidogo, lakini alikihisi. Tangu hapo ikawa kila jioni, maharage yakiwa jikoni, anafungua mlango wa kabati na kusimama mle hadi jasho limtiririke. Hakumwambia mtu. Utamwambia nani jambo kama hilo?

Mwisho wa Juni mwenye nyumba, ambaye kumtoa hela ni sawa na kumng'oa jino, alikubali kuweka pamba mpya ya kuzuia joto darini, maana jiji lilikuwa likimlipia sehemu kubwa. Jengo zima lilishangilia. Pamba ya zamani ilikuwa imelala, imekanyagwa na panya, na nyumba za juu viyoyozi vililia usiku kucha bila kupooza kitu. Mafundi walifika kabla ya jua, kama inavyopasa, kwa sababu ikifika saa nne asubuhi darini hakufai binadamu. Wakagonga namba saba.

Obdulia alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda. Hakufungua.

"Mama," alisema msimamizi wao, jamaa mnene aitwaye Leobardo, "tunajua upo. Kiyoyozi kinanguruma."

"Njooni siku nyingine."

"Siku nyingine ni Alhamisi. Ikipita hiyo, mashine ya kupulizia pamba inahamia mji wa Tempe, na nyinyi mtabaki na tanuri lenu."

"Toboeni kwingine."

"Mwenye nyumba kakataa kutoboa. Mama, ni kutoa nguo tu. Nitakusaidia mimi mwenyewe."

Akabaki palepale kitandani hadi aliposikia viatu vyao vikishuka ngazi na lori likiondoka. Hakuona aibu. Ganzi ina faida zake.

Jioni ile ile Maribel alibisha hodi, mtoto begani. Maribel alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mume wake akiezeka paa kazini kutwa nzima na kurudi amekauka, na huyo mtoto, Itzel, ndiye wao wa kwanza. Hakungoja kukaribishwa, akaketi.

"Bi Obdulia, sikuja kugombana."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kugombana. Lakini nilitaka nianze kwa adabu."

Obdulia akamsogezea maji. Maribel akayanywa yote kwa mkupuo mmoja.

"Watu huko chini wanakusema, na mimi nimechoka kukutetea bila kujua ninatetea nini. Ni kabati tu, Bi Obdulia. Kwani mle mna nini? Umemficha mume mwingine?"

Alisema kwa utani, maana ndivyo walivyozoeana, hata Fermín alipokuwa hai walitaniana hivyo mbele yake. Mara akasikia alichokisema, akaweka mkono mdomoni.

"Si mwingine," Obdulia alisema. "Ni yuleyule."

Akainuka, akamshika Maribel mkono, akampeleka chumbani. Akafungua kabati, akauingiza ule mkono wa msichana kati ya mashati. Maribel alitaka kucheka, kisha hakucheka. Mtoto alilalamika begani.

"Yana joto," alisema.

"Ee."

"Kama yeye."

"Ee. Wakishaweka pamba yao, halitakuwepo."

Maribel akautoa mkono polepole. "Basi tuwaambie wasije," alisema.

"Usiseme usichokitaka, mwanangu. Nipe huyo mtoto."

Akampokea Itzel. Mtoto alikuwa amevaa nepi tu. Shingo yake yote, na mikunjo ya mapajani, ilikuwa harara tupu, vipele vyekundu vilivyokwaruza kidole. Mwili ulikuwa wa moto. Obdulia alimshika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa bado umegusa shati, na joto lilikuwa lilelile. Lilitoka juu, kwenye dari ileile. Hilo alilolifuata yeye kabatini ndilo lililokuwa likimliza mtoto wa mwenzake usiku na mchana.

"Analala wapi?" aliuliza.

"Bafuni. Juu ya vigae. Tunamtandikia taulo."

Obdulia alimtazama mtoto. Alijua kwamba hapa mwanamke hutakiwa kuhisi kitu, huruma, au hata hasira, na akangoja kije. Hakikuja. Lakini kichwa chake kilikuwa kizima, na kichwa kilimwambia la kufanya.

"Alhamisi nitafungua," alisema. "Waambie huko chini wafunge midomo."

Jumatano jioni alisimama kabatini muda mrefu kuliko siku zote. Maharage yaliungua na akayala hivyohivyo.

Alhamisi, kukiwa bado giza, aliyatoa mashati yeye mwenyewe, moja moja, akayalaza kitandani na kuyafunika kwa nailoni. Leobardo aliingia na ngazi, akainua macho, akaguna.

"Toba. Ubao mtupu! Mama, nani alikuwa anaishi hapa asiweke hata kipande cha sponji?"

"Mume wangu. Alikuwa anasema kesho."

"Wanaume," alisema Leobardo, akapanda.

Walianza kwa kuziba nyufa, kisha bomba nene likapitishwa mlangoni, likavuka sebule, likaingia kabatini na kupotelea juu. Nje kwenye lori mashine ikaanza kunguruma. Pamba yenyewe ilikuwa karatasi kuukuu iliyosagwa, ya kijivu, nayo ilipopulizwa darini ilisikika kama mtu anafagia sakafu ya juu bila kupumzika. Obdulia aliketi kando ya mashati. Kelele zilitoka juu ya chumba chake, zikaenda kwa Maribel, zikarudi, na kila zilipopita zilififia zaidi. Mwisho hazikusikika kabisa, ingawa mashine ilikuwa bado inafanya kazi.

Leobardo alishuka akiwa wa kijivu hadi kwenye kope. Akabandika sponji nene juu ya ule ubao na mpira pembezoni, akaufunga, akaugonga kwa kiganja, dup, kama mtu anayegonga gunia lililojaa.

"Kabati litakuwa na joto?" Obdulia aliuliza.

"Hapana, mama!" Alifurahi kuulizwa. "Hata kidogo. Hapo unaweza kuweka mboga. Nguo zako zitakuwa baridi mpaka ushangae."

"Ahsante," alisema Obdulia. Akampa maji ya rosela, kwa kuwa ndivyo nyumba ile ilivyofanya.

Mchana watu waligonga mlango kumshukuru. Mzee mmoja wa chini, ambaye hata hakuwa na dari yoyote ya kupoozwa, alimletea mkate mtamu. Obdulia alipokea, akafunga mlango. Akayatundika mashati palepale, kwa mpangilio uleule, akafunga kabati, akaweka maharage jikoni. Akaingoja jioni.

Ilipofika akalifungua.

Yalikuwa mashati tu. Aliyagusa moja baada ya jingine, ndani ya kola, chini ya kwapa, kama anayepapasa mifuko kutafuta funguo. Yalikuwa baridi kama ya dukani. Aliingiza uso, na ile harufu ambayo joto lilikuwa likiipandisha ilikuwa imerudi chini kwenye uzi, huipati mpaka uitafute.

"Fermín," alisema. Alikuwa hajalitamka jina hilo peke yake tangu Februari.

Hapo ndipo alipogundua kwamba mikono yake imesisimka vinyweleo. Kiyoyozi, kilichokuwa kikinguruma jioni zote, kilikuwa kimezimika chenyewe kwa kuwa kimemaliza kazi. Nyumba ilikuwa na baridi. Mwisho wa Juni, Phoenix, na yeye anasikia baridi! Akachukua shati la karibu, akalivaa juu ya gauni. Mikono ilimzidi, akaikunja. Akajipakulia maharage, akaketi mezani.

Alikuwa anayachota na kuyatazama tu alipohisi shati limepata joto. Lilianzia mgongoni, likapanda mabegani. Aligeuka haraka kutazama kabati. Lilikuwa limefungwa. Akatazama juu, dari ilikuwa kimya. Ilimchukua muda kuelewa kwamba joto lile lilikuwa lake mwenyewe, na kwamba shati lile halitapata jingine tena, si leo wala kesho.

Basi akalia. Akalia kwa sauti, kijiko mkononi, na kila alipodhani amemaliza akakuta bado. Upande wa pili wa ukuta Maribel alisikia, akainuka aende, kisha akaketi tena akamwacha. Itzel alikuwa amelala kitandani na hakuamka.

Baadaye sana Obdulia alijipangusa kwa mkono wa shati, akavuta sahani, akatia kijiko kimoja mdomoni. Akakiweka chini. Maharage yalikuwa na chumvi isiyolika, na Maribel alikuwa ameyala kila wiki tangu Februari.