Pipa la Selestina

Chumvi niliionja Makutano, Musoma tukiwa tumeshaiacha nyuma na nguzo arobaini na nane zimelala kwenye gari kama wagonjwa wa wodi moja.

Nilikuwa nafunga kilemba upya. Upepo wa dirishani ulikuwa umekivuruga, na mkono wa koti langu la kazi ulikuwa unanisumbua, basi nikaushika kwa meno. Chumvi. Jasho, nikasema moyoni. Halafu nikautazama vizuri. Kitambaa kilikuwa kimekakamaa, na chini kidogo ya kiwiko palikuwa na mstari mweupe ulionyooka, umezunguka mkono mzima. Nikatazama mkono wa pili. Mstari uleule, kimo kilekile. Hakuna mtu anayetoka jasho kwa rula.

"Twalib, simamisha gari."

"Unataka kuchimba dawa?"

"Nguzo zina matatizo. Pipa la Selestina lilikuwa na chumvi."

Akacheka mpaka akagonga usukani. "Dada Najat! Leo umeanza mapema."

Hapo sina wa kumlaumu. Mwezi uliopita nilimpigia kelele kwamba mashine inawaka moto, akaja mbio na ndoo mbili, akanikuta nakunywa chai. Kabla ya hapo nilimwambia kuna mwanamke anamuulizia getini, akaenda kuoga. Twalib ni fundi wa kuchomelea vyuma, mpole, ameiunda ile mashine ya nguzo za plastiki kwa mikono yake nyuma ya nyumba yake pale Kitaji. Mimi ni mchambuaji wake. Zamani nilikuwaga na duka la mifuko ya plastiki Mukendo, jumla na rejareja, mpaka ilipopigwa marufuku mwaka 2019. Nililala mfanyabiashara, nikaamka mtuhumiwa mwenye stoo iliyojaa. Mume naye akaondoka mwaka huohuo, ila yeye hakuna aliyempiga marufuku, alijiondokea tu. Tangu hapo nacheka kwa kila kitu, na kila mtu ananicheka, na tumezoeana hivyo.

"Sitanii," nikasema.

"Hivyo ndivyo unavyosemaga ukitania."

Nikafungua dirisha, nikalifunga, nikalifungua.

Ngoja nieleze, maana hata Twalib ilibidi nimweleze mara mbili. Watu husema plastiki kama vile ni kitu kimoja, kumbe ni ukoo. Babu yao ni mafuta yanayochimbwa ardhini, yeye na gesi yake. Viwandani huyapika na kuyageuza mpaka yanatoka punje ndogo kama mchele, halafu kila mjukuu anashika njia yake. Chupa ya maji na dumu la mafuta ya kula hupulizwa kama puto ndani ya kalibu, kile chuma cha kuvipa umbo. Kiti na beseni husindiliwa kwenye kalibu vikiwa vya moto. Bomba la maji husukumwa litoke kama tambi nene yenye tundu. Gunia la sandarusi ni nyuzi zilizosukwa. Chini ya vyombo vingi kuna pembetatu yenye namba ndani, kuanzia moja, na hiyo namba ndiyo inakwambia huyu ni mtoto wa nani. Tatizo ni kwamba ndugu hawa hawapikwi chungu kimoja. Ukiyeyusha namba mbili pamoja na namba sita, utaona zimechanganyika vizuri kabisa. Subiri zipoe, halafu zipige.

Nguzo za Twalib ni za namba mbili na namba tano tu: madumu, ndoo, vifuniko, viti vilivyovunjika. Hizo hupinda zikarudi. Vyote hukatwakatwa kwanza mpaka vinakuwa vipande kama kucha, halafu vinakuja kwangu. Na kucha za plastiki huzijui kwa macho. Mimi nazimwaga kwenye pipa la maji. Namba mbili na tano huelea, nazichota kwa chujio, mikono imezama mpaka karibu na kiwiko. Chupa za soda, vipande vya mabomba, na ile namba sita ya henga za nguo na vikombe vya mtindi, huzama, nazimwaga pembeni. Zilizoelea zinaanikwa, zinaingia kwenye mtungi wa mashine, zinasukumwa na skrubu kubwa kupita kwenye moto, zinajaa kwenye bomba la chuma, zinapozwa. Hapo una nguzo ambayo mchwa ataionja na kutema. Wageni wakiniuliza nimejuaje kuchambua, nawajibu: mimi sikusoma, maji yangu ndiyo yamesoma.

Jumanne pipa letu lilipasuka. Nikaenda kwa Selestina, jirani anayetengeneza kayabo, wale sangara wa chumvi. Akaniambia, "Chukua lile la mwisho. Lina maji tayari. Ila ukimaliza usiyamwage, uniachie."

Bomba la mtaa lilikuwa na siku ya tatu halijatoa hata tone, kwa hiyo sikushangaa mtu kubania maji. Nikamtania, "Unayaogea?" Akasema, "Wewe yatumie tu." Harufu ya samaki ilikuwepo, lakini Kitaji harufu ya samaki ikikosekana ndipo tunashtuka. Siku hiyo mzigo ulikuwa na henga nyingi zilizovunjika kutoka maduka ya nguo ya Mukendo, zimekatwa pamoja na vifuniko. Nikamwaga. Karibu zote zikaelea. Mimi huyu, na akili zangu, nikapiga kigelegele. Nikamwambia Twalib, "Leo mzigo umejibu!"

Kumbe maji ya chumvi nyingi ni mazito. Yanabeba hata namba sita. Maji yangu yaliyosoma yalikuwa yamehama shule.

Nilipomaliza kumweleza mara ya pili, Twalib hakucheka. Akapunguza mwendo. Tulikuwa tumeshaingia barabara ya Butiama.

"Ngapi?"

"Zote za Jumanne mchana. Kumi na kitu."

"Zipi?"

Tukageuka wote wawili kutazama nyuma. Zote nyeusi, zote nene kama paja, zote zimenyooka. Yeye mwenyewe ndiye anayetia rangi nyeusi ili zifanane.

"Najat," akasema polepole, "Machage ameshang'oa boma."

Nilijua. Ndiyo maana dirisha lilikuwa halitulii mikononi mwangu. Machage ni mfugaji, kwake ni mbele kidogo ya Butiama. Nguzo zake za miti zilikuwa zimeliwa na mchwa, ng'ombe wake wakaingia mara mbili kwenye pamba ya jirani yake, Bernado. Serikali ya kijiji ikamwambia mbele ya watu: mara ya tatu, unahamisha kundi lote. Ndugu alionao ni wa huko mbele ya Bunda, nao malisho hawana. Na aliyemkuta mnadani, akamshika mkono, akamwambia "shemeji, chukua nguzo zetu, hizi ng'ombe atachoka yeye kwanza", alikuwa mimi. Kwa neno langu alikuwa amebaki bila boma.

"Tuzisimike," Twalib akasema. "Wiki ijayo natengeneza nyingine, tunakuja kubadilisha kimyakimya."

"Ng'ombe unamwambiaje asubiri wiki ijayo?"

"Sasa unataka nifanye nini?"

"Una nyundo?"

Alikuwa nayo, chini ya kiti, nilikuwa naikanyaga tangu Musoma.

Tulifika saa sita. Machage alikuwa amesimama katikati ya uwanja mtupu, amezungukwa na mashimo arobaini na nane, mikono kiunoni. Zile nguzo za zamani mkewe Nyamburi alikuwa anazipikia. Upande wa chini, hatua thelathini hivi, pamba ya Bernado ilikuwa imepasuka, nyeupe, na Bernado mwenyewe amekaa kwenye kigoda pembeni yake kama mtu aliyelipia kiingilio.

"Mama wa Musoma!" Machage akaita. "Umeniletea nguzo au umeleta mdomo?"

"Nimeleta vyote, shemeji. Mdomo ni wa nyongeza."

Nyamburi akacheka jikoni. Mimi nikasikia sauti yangu na nikaichukia. Twalib alikuwa ameshashusha nguzo ya kwanza, anaibeba kuelekea shimoni, hanitazami. Nikavuta nyundo.

"Weka chini," nikamwambia. "Machage, kuna nguzo mbovu humu. Nilikosea kuchambua mimi, sio Twalib. Nataka nizipige zote kabla hazijaingia shimoni."

Machage akatabasamu, anasubiri mwisho wa utani. "Haya, piga."

Nikapiga kwa nguvu zangu zote. Nguzo ikasema *du*, nyundo ikadunda ikanirudia kwenye ugoko. Nikaruka kwa mguu mmoja uwanja mzima. Nyamburi alitoka jikoni kabisa ili acheke vizuri. Hata Bernado kule alipiga makofi.

"Imekupiga yenyewe!" Machage akasema. "Hii naichukua."

Ya pili, *du*. Ya tatu, *du*. Ya nne, ya tano. Watu wanacheka, mimi natoka jasho la kweli safari hii. Nikaanza kujiuliza kama nimeota. Labda chumvi ilikuwa kidogo. Labda henga hazikuwa nyingi kiasi hicho. Ya sita, *du*. Twalib akaninong'oneza, "Basi, dada. Umejiaibisha vya kutosha, tusimike." Na kusema kweli kuacha kulikuwa rahisi mno. Wote walikuwa na furaha.

Nikapiga ya saba.

Haikusema *du*. Ililia kali, kama sahani ikianguka sakafuni, na ikakatika vipande viwili. Pale ilipokatika palikuwa na matabaka, kama chapati. Machage akainama, akalibandua tabaka moja kwa ukucha. Likatoka. Akabandua lingine.

Hakuna aliyecheka.

"Ng'ombe wanarudi saa kumi," akasema.

"Najua."

"Nilikuamini, wewe mama."

"Najua, shemeji."

"Usiniite shemeji."

Nikageukia nguzo zilizobaki. Tulipiga zote, mimi na Twalib kwa kupokezana. Baada ya kama ishirini hivi sikuhitaji hata kupiga kwa nguvu. Nilikuwa nagonga kidogo, natega sikio, nasema hii ndiyo, hii siyo. Kumi na tatu zilikatika. Thelathini na tano zilidundisha nyundo. Nilipomaliza Machage aliichukua nyundo mkononi mwangu, akazipiga zile thelathini na tano moja moja, mwenyewe, upya.

Tukasimika, Machage akakaza waya wake. Upande wote wa pamba, na pande mbili za ubavuni, nguzo zikatosha. Upande wa juu, kwenye mawe, ukabaki mdomo wazi wa hatua ishirini. Twalib akapakia vile vipande kwenye gari, akasema atasafisha pipa jipya, atapika usiku kucha, kesho saa nne atakuwa hapa. Nikafungua mlango wa gari.

"Unakwenda wapi?" Machage akauliza.

"Musoma. Kuchambua."

"Huyu aende. Wewe unabaki mpaka arudi."

"Twalib hawezi kuchambua peke yake!"

"Nitayaonja maji," Twalib akasema, akawasha gari. Nakwambia alikuwa anafurahi, mpole yule. "Kila baada ya dakika tano, dada. Nitayaonja."

Nyamburi akanipa panga na gunia la kufunika mikono. Tukakata matawi ya miiba mimi na yeye mpaka saa tisa na nusu, tukaziba ule mdomo, akinisimulia jinsi alivyomwambia mumewe kule mnadani asinunue kitu cha mwanamke anayecheka hivyo. Nikamuuliza, nacheka vipi? Akaniigiza. Ni kweli, nisingenunua.

Saa kumi wakaja. Niliwasikia kabla sijawaona. Mbele yao alikuwa fahali mmoja mwenye nundu kama mzigo wa kuni, Machage anamwita Hedimasta. Waliingia wote thelathini na kitu, Machage akafunga, akaja kusimama karibu yangu. Bernado kule chini alikuwa ameshainuka kwenye kigoda.

Hedimasta hakunywa maji. Alizunguka boma jipya pole pole, ananusa. Akafika upande wa pamba. Akachagua nguzo, ya nne kutoka kona, akaiegemea kwa shingo, akaanza kujikuna.

Nguzo ikapinda. Nilimshika Machage mkono bila kukusudia na yeye hakuutoa. Ikapinda zaidi, mpaka waya wa juu ukaimba. Mimi nilikuwa natega sikio tu, nasubiri ile sahani ianguke. Fahali akajikuna, akafumba macho, akajikuna tena kwa uzito wake wote, kisha akajitoa.

Nguzo ikarudi.

"Hiyo ni moja," Machage akasema.

"Zimebaki thelathini na nne."

Hedimasta akahamia ya pili. Nikaokota fimbo, nikahamia naye.