Uzi Mwembamba wa Élysée

Wivu wa Élysée haukuwa wa mwanamke, ndiyo maana mkewe Clarisse alichelewa kuutambua. Alimwonea wivu mwanyumba wake Claude, mume wa mdogo wake Clarisse. Na aliyekuwa akigombewa ni baba mkwe wao wote wawili, Mzee Siméon.

Mzee aliishi kwa Élysée, mtaani Gulfton, tangu walipofika Houston. Élysée alifiwa na babake angali mdogo kule Fizi, na huyu mkwe ndiye aliyemwonjesha raha ya kumwita mtu Papa. Sasa Claude, mtu wa Rumonge, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, alikuwa amepata nyumba yenye uwanja huko Haltom City, mwendo wa saa nne kwa gari, akamwomba mzee ahamie kwake. Mzee alikwenda kumtembelea, akarudi na hadithi moja tu mdomoni: yeye na Claude walivyovua samaki mkubwa aina ya bass kwa kutumia samaki wa bandia, mwenye urefu wa kiganja, anayetikisa mkia majini utadhani ana uhai. Mezani Claude, garini Claude, baada ya ibada Claude. Élysée alitabasamu huku roho ikimuuma.

Mzee alisema atatoa jibu Jumamosi, watakapokwenda wote watatu kuvua Ziwa Conroe. Élysée hakuwa na fimbo ya kuvulia. Ijumaa alitoka kazini akaenda dukani, na alipokuwa amesimama mbele ya ukuta mzima wa fimbo, simu ikaita. Alikuwa Claude.

"Beau, kamata fimbo ya muzito, futi nane," alisema Claude, akimwita shemeji kwa Kifaransa. "Ile samaki ya bandia iko na kilo yake, fimbo ya mwepesi haiwezi kuitupa. Rili ikuwe kubwa, ya kuvuta uzi polepole. Na uzi ikuwe ya nguvu, paundi makumi mbili na tano."

"Merci, beau," Élysée alijibu, akakata simu na kusonya.

Aliishika ile fimbo nzito. Akajiona amesimama nayo ufukweni kama mtu anayeangua mapapai, na Claude pembeni anajizuia kucheka. Huyu anataka niaibike mbele ya mzee, aliwaza. Mbona mzee mwenyewe husema kwamba kule Tanganyika migebuka walivuliwa kwa uzi mwembamba, maana samaki akiuona uzi amemwona mvuvi? Basi Élysée akachagua fimbo nyepesi, nyembamba, na rili ndogo inayong'aa, na uzi usioonekana vizuri hata ukiwa mkononi. Muuzaji alipomuuliza atatupa chambo gani, alijibu kwamba ni chambo kidogo tu. Huo ulikuwa uongo.

Jumamosi, ufukweni, Claude aliiona ile fimbo, akaigusa ncha yake kwa kidole. Mzee naye aliiona. Kisha akatoa kifurushi cha kitambaa mfukoni mwa koti na kukifungua. Ndani mlikuwa na samaki wa mti, amekatwa vipande vitatu vikaungwa kwa waya ili acheze majini, na tumboni ametiwa risasi ili azame. Élysée alikumbuka maranda ya mti yaliyodondoka mzee alipokuwa akichonga. Alikuwa akiyafagia kibarazani wiki baada ya wiki, kila mara akimeza uchungu, kwa sababu alijiambia samaki yule ni wa Claude.

Mzee alimwekea mkononi. "Ni yako," alisema. "Nilikuchongea weye."

Hapo ndipo alipopaswa kusema fimbo yake haitamweza. Lakini Claude alikuwa anatazama. Élysée akamfunga samaki, akajivuta nyuma kwa nguvu zake zote, akatupa. Fimbo ilijikunja yote, uzi ukakatika tap, na samaki akaenda peke yake, mbali, akatumbukia na kuzama.

"Claude hakukupigia simu?" mzee aliuliza.

"Alipiga, Papa."

"Ile ilikuwa maneno yangu."

Kwao, mzee hamfundishi mume wa bintiye uso kwa uso. Humtuma mtu wa tatu, heshima ikae mahali pake. Élysée aliijua desturi hiyo vizuri, na yeye mwenyewe mambo mengi alimfikishia mzee kwa mdomo wa Clarisse. Lakini sauti ilikuwa ya Claude, na wivu ulimziba masikio.

"Nilizani ni yake," alisema. "Nilizani anataka nichekwe."

"Na kama ingekuwa yake? Amekukosea nini?"

Élysée alianza kuukunja uzi uliokatika.

"Leo asubuhi nilikuwa nimeamua kubaki kwako Houston," mzee alisema polepole. "Sasa sijui. Kama neno ya ndugu yako unaiona mutego, siku moja na yangu utaiona vile."

Claude aliweka fimbo yake chini, akachuchumaa mbele ya mzee. "Papa, usimuache. Ye hana baba mwingine. Mi nitakuja na truck kila mara utataka ziwa."

Mzee akamwekea mkono begani. "Nitabaki," alisema, "kwa sababu umeomba weye."

Basi Élysée akawa amempata mzee wake. Alishukuru, na alishukuru kwa dhati. Lakini mkono ule ulibaki begani mwa Claude, na macho ya Élysée hayakubanduka pale.