Chipu Iliyochelewa Kuamka

Barua ya kumfukuza mzee Machogu ilikuwa imeshapigwa taipu nilipofika kwenye kile kiwanda cha chai, nje kidogo ya Keroka, mwaka 1979. Ilingoja ripoti yangu ya ufundi tu. Nilikuwa na digrii niliyoipata miezi minne tu iliyopita na mita mpya ya kupimia umeme, nami nilidhani ripoti huandikwa baada ya uchunguzi.

"Mzee huyu anatuunguzia chai kila Jumapili asubuhi," meneja, Bwana Abner Obwocha, aliniambia. "Ni Msabato. Ijumaa jua likizama anazima mashine. Mtaalamu alikuja kutoka Nairobi, akaizima na kuiwasha mara tano. Haina neno. Wewe andika tu hivyo."

Mashine yenyewe ya kukaushia iliongozwa na kompyuta ndogo, bodi ya ukubwa wa sahani. Kompyuta ilituma nambari kwa chipu iliyokuwa pembeni, chipu ikazigeuza kuwa volti, na volti hizo zikafungua vali ya joto.

Machogu nilimkuta akifagia uani. Miaka kumi na minne ya kukausha chai, na sasa alipewa ufagio.

"Tata," nikamwita, kama Wagusii wamwitavyo baba, "Jumapili huwa inakuwaje?"

"Nikiwasha, joto linapanda hadi mwisho. Nikizima na kuwasha tena, linatulia, lakini chai ya kwanza imeshaungua. Nilimwambia yule mtaalamu. Akaniuliza nimesoma hadi darasa la ngapi."

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia, la kutosha kujua kuwa aliyefumba macho kidogo hajalala."

Nilikwenda kukitazama kifuniko cha bodi. Rangi ya kiwandani ilikuwa bado juu ya skrubu zote nne. Mtaalamu hakufungua hata moja, akaandika kurasa sita kuhusu uzembe wa mtu.

Nikaomba Machogu aizime Ijumaa hiyo kama kawaida yake. Jumapili alfajiri tulifungua kifuniko, nikaweka mita kwenye chipu, akawasha. Kompyuta iliamka papo hapo, ikatoa maagizo yake ya kwanza, mara moja tu. Chipu ilikuwa bado haina umeme. Ilikuwa na transfoma yake na kapasita kubwa ya kuhifadhi umeme, ambayo baada ya saa nyingi za kuzimwa ilihitaji sekunde mbili kujaa. Ilipoamka, maagizo yalishapita, ikafungua vali yote. Ukizima na kuwasha haraka, kapasita bado ina umeme, na kosa halionekani. Walioitengeneza hawakufikiria kwamba kuna watu wanaopumzika.

Nikachomelea kapasita kwenye waya unaoiamsha kompyuta, ili ichelewe sekunde tatu. Tukaiacha imezimwa hadi saa nane mchana, kapasita ikaisha umeme, tukawasha. Joto lilipanda polepole, likasimama pale pale lilipotakiwa.

Obwocha alisikiliza, akaichana ile barua, akaagiza nyingine. Machogu aliisoma kidole kikifuata kila neno, kisha akairudisha mezani.

"Imeandikwa nimesamehewa. Nimesamehewa kosa gani, Bwana Meneja?"

"Mzee, si umerudishiwa kazi?"

"Nimeuliza kosa."

Obwocha akanigeukia. "Injinia, mwambie."

"Hata mimi nangoja kusikia," nikasema. "Ripoti sijaitia sahihi."

Meneja akamwita karani wake. "Bathsheba, lete karatasi nyingine."

Machogu akavuta kiti, akaketi kungoja.