Shule Iliyovuka Ziwa

Shule yetu ya kwanza ilijengwa kwa matofali ya nyasi na udongo, kwa sababu Dakota yetu, huku nyanda za Marekani, haina miti. Mama yangu alisoma humo na wenzake sita, na mvua ikinyesha walifunika daftari kabla ya kujifunika wenyewe. Mwaka niliozaliwa ikajengwa ya mbao. Nilisoma humo mpaka darasa la nane, nikatoka wa kwanza, na hapo ndipo masomo yangu yalipokwisha. La tisa lilikuwa mjini, maili thelathini, na hatukuwa na ndugu huko wa kukaa kwake. Nikapewa kazi ya kuwasha jiko la shule na kufagia. Kwa miaka sita nilisikiliza masomo niliyokwisha kuyasikia.

Majira ya baridi ya mwaka 1923 mdogo wangu Inga alikuwa darasa la nane, akizipenda hesabu kama wengine wanavyopenda sukari.

Ili tufungue la tisa kwetu, watoto hawakutosha. Ng'ambo ya ziwa kulikuwa na wilaya nyingine ya shule, ya Wajerumani waliohamia kutoka Urusi. Sisi ni Wanorwei. Tukiungana tungetosha. Wazee wakakutana mara tatu darasani kwetu, na mara zote tatu wakaachana vilevile.

"Watoto wetu waje kwenu," alisema Mzee Weisser, mwenyekiti wao, "halafu shule yetu tuifanye banda la kuku?"

"Ifanyeni kanisa," alijibu Halvor, mwenyekiti wetu. "Si mnapenda kusali?"

"Na nyie mnapenda kahawa. Hii ya leo mmechemshia soksi?"

Wakacheka, ila hakuna aliyelegea. Mimi nilikuwa pembeni na birika. Tangu Desemba nilikuwa nikiangalia dirishani jinsi shehena za nyasi zinavyovuka ziwa lililoganda, na barafu haisemi kitu.

"Basi njooni nayo," nikasema.

"Na nini?"

"Na shule yenu. Ivuteni juu ya barafu, tuiweke ubavuni mwa yetu. Itabaki shule."

Mzee Weisser akanitazama kana kwamba birika ndilo lililosema. "Binti, nyumba si ng'ombe, uifunge kamba ikufuate."

"Ng'ombe wako hata na kamba hawakufuati, mzee," Halvor akadakia. "Tunawaona."

Mkewe Mzee Weisser, Mama Ottilia, hakuinua macho kwenye ufumaji wake. "Jaribu, baba. Farasi wako wanakula bure tu. Kama mwenyewe."

Wakakubaliana: shule ikifika nzima kabla ya Machi, wilaya zote mbili zitakapopiga kura juu ya muungano, ng'ambo watakubali kuungana. Isipofika, neno hilo lisirudiwe tena. Inga alinibana mkono mpaka ukaniuma.

Wakatoboa barafu hapa na pale, wakapima: unene wa dhiraa moja. Wakaipandisha nyumba juu ya magogo mawili marefu, wakafunga farasi kumi na sita kwa kamba ndefu, wakaondoka asubuhi. Sisi tulisimama ukingoni kwetu. Wanaume wote walikuwa wanaangalia farasi. Mimi niliangalia nyumba, nikaona pembe yake ya nyuma iko chini kuliko nyingine, na maji yanapanda kuzunguka gogo.

Nikawakimbilia juu ya barafu. "Simameni! Mmeacha nini humo ndani?"

Mzee Weisser akajikuna kidevu. "Hatujaacha kitu. Jiko tu."

Jiko tu! Wajerumani hawa majiko yao ni ya matofali, makubwa kama zizi la ndama, na wanawake huyasugua mpaka yang'ae. Madawati walikuwa wametoa, hata ubao. Jiko halikumjia mtu akilini, maana kwao jiko ndiyo nyumba yenyewe.

"Mama yangu ndiye aliyelijenga," Mzee Weisser alisema kwa sauti ndogo.

Mama Ottilia alikwisha kushika nyundo. "Angekuwapo leo angekupiga nalo tofali moja moja. Ingia!"

Wakaingia hao wawili tu kulibomoa, kwa kuhofia uzito. Sisi wengine tukajipanga mstari, kila mmoja mbali na mwenziwe, kutoka mlangoni mpaka kwenye mikokoteni ya theluji iliyosimama mbali. Wajerumani na Wanorwei tukapokezana matofali, huku tukisikia barafu ikiguna chini ya miguu. Halvor alikuwa akihesabu kwa Kijerumani kibovu, wakamsahihisha, akaendelea kukosea. Saa nzima hatukujua kama barafu itahimili. Kisha ile pembe ikainuka polepole, na farasi wakavuta.

Saa sita mchana shule ilipanda ukingo wetu. Kioo kimoja tu kilipasuka.

Kwenye kura, wanawake nao wakipiga, walikubali arobaini na mmoja, wakakataa watatu. Hatujawajua ni nani, ingawa wakitajwa Halvor hukohoa.

Leo wilaya yetu imepokea shule nyingine mbili, ina walimu sita, na watoto wanaletwa kwa magari ya farasi yenye paa. Mtu akiniuliza ilianzaje, huwa namsimulia Septemba ile, darasa la tisa lilipofunguliwa ndani ya shule ile ya Wajerumani. Nilikuwa nje, napanga makaa ya mawe ukutani, mwalimu akaanza kuita majina.

"Inga Brekke."

"Nipo!" Alijibu kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na mwalimu hakumkanya.