Sufuria la Kikundi Linarudi Kinyumenyume

Usiku wa kuamkia leo niliota shoga yangu Mwantumu anajizika mwenyewe.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kaburi lake, kajifunga khanga kiunoni, anachimba kwa mwiko wa pilau. Mzima kabisa, jasho linamtoka.

"Mwantumu, unafanya nini?"

"Si unaona? Nazikwa. Kikundi kimenifukuza, nani mwingine wa kunizika? Hebu sogea huko shoga, unanikingia mwanga."

Hapa nieleze kidogo, maana ndoto yenyewe haikujisumbua kueleza. Kina mama wa Kwasenga tuna kikundi cha kuzikana, na kikundi kina sufuria moja kubwa la kupikia msibani. Mbuzi mzima anaenea humo na pembe zake. Tunalitunza kwa zamu, nyumba hadi nyumba. Juzi limepotea kwa Mwantumu, mjane wa watu, muuza maandazi. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Semkuya, akatangaza hapo hapo kwamba mwizi ni yeye, na mkutano wa kumfukuza ukapangwa leo asubuhi. Ukifukuzwa kikundini, siku yako ikifika hakuna wa kukuoshea hata sahani. Najua hakuiba, lakini sina cha kuonyesha.

Basi, nataka kumpokonya ule mwiko, mara udongo unaruka wenyewe kurudi shimoni. Kaburi linafumba kama mdomo wa mtoto aliyekataa uji, na sisi tuko mkutanoni.

Mkutano unakwenda kinyumenyume. Watu wanaingia kwa visogo. Wanapiga makofi kwanza, ndipo Mwenyekiti anahutubia. Mikono ya kumfukuza Mwantumu inashuka kabla haijapanda. Semkuya yuko mbele, tumbo limemtangulia, na kila neno analolitia kwenye kipaza sauti, kipaza sauti kinalitema chini.

"Mimi sili makombo," kinasema.

Hakuna anayeshtuka. Kwasenga watu hawashtuki ovyo, labda wasikie kuna ubwabwa.

Namgeukia mgambo aliyekaa kando yangu. "Baba, ushahidi umeshatolewa?"

"Bado, bibi. Kwanza tunafukuza, halafu tunakamata, halafu ndiyo tunatafuta kilichoibiwa."

"Na mwizi?"

"Aa, mwizi tulikuwa naye tangu mwanzo."

Nikacheka mpaka kilemba kikanilegea. Maana hilo halikuwa la ndotoni. Ndivyo walivyofanya wakiwa macho, wamevaa na viatu! Walipekua nyumba zote, hata chungu changu cha kunde wakakitia mkono. Isipokuwa nyumba moja tu, ya Semkuya, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anapekua.

Mlango ukafunguka, sufuria likaingia, nalo kinyumenyume. Likavuta kiti, likakaa mbele yangu.

"Jibu!" likasema, na kunipa unyoya mweupe, umelowa chepechepe. "Jibu ni huu unyoya. Sasa kitendawili chake ni kipi?"

Mimi na vitendawili tumezeeka pamoja. Wajukuu zangu wakiniona nafungua mdomo wanakimbilia uani. Lakini kuanzia kwenye jibu sijapata kuona. Nikaugeuza ule unyoya huku na huku, nikaunusa. Hola.

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."

Mnajua wenyewe, anayeshindwa hutoa mji. Mimi siku zote hutoa miji ya mbali, Lamu, Tabora, miji ya watu, hainiumi. Sijui nini kilinipitia.

"Nakupa Kwasenga," nikasema.

Mji ukang'oka kweli. Soko likaingia kwenye sufuria. Msikiti na kanisa vikaingia vimeshikana mikono, mashine ya kusaga ikaingia huku inanguruma, mgambo na rungu lake, na wale kina mama waliokuwa wananong'ona tangu juzi. Sufuria likakoroga, likaonja. Likatema.

"Mji gani huu? Haujategewa, umeshajibu. Chukua mwenyewe."

Likanitupia mapajani. Nilidhani utaniumiza, kumbe mji mzima haufikii uzito wa paka wangu. Nikaufunga kwenye pindo la khanga pamoja na unyoya.

"Ulikuwa wapi siku zote hizi?" nikaliuliza.

"Kusema siwezi. Ninarudi nilikotoka, nifuate."

Mara jua la mchana, na mimi niko ndani ya geti la chuma la Semkuya. Bata weupe wanatoka kwenye sufuria letu, wanatoka majini wakavu. Maji yanaruka kurudi bombani. Kisha sufuria linapanda juu ya kichwa cha mtu, linamfunika mpaka mabegani, na mtu yule anatoka getini kwa kisogo, anaelekea kwa Mwantumu. Mwantumu mwenyewe yuko sokoni na maandazi yake.

"Shikamoo, mama," sauti ya Semkuya ikatoka chini ya sufuria.

"Marahaba. Unakwenda wapi na msiba wetu kichwani?"

"Naurudisha."

"Unaurudisha kweli?"

"Ni kwa vile ndoto yako inarudi nyuma, mama. Ingekuwa inakwenda mbele, hapa ningekuwa naiba."

Alisema vile vile anavyotangaza siku ya usafi.

"Kisa bata?"

"Bata wa kisasa hawaogi kwenye karai, mama. Wana hadhi yao."

"Sisi hatukuomba," akasema bata mmoja. "Lile lisufuria linanuka vitunguu."

Semkuya akaliweka sufuria jikoni kwa Mwantumu, taratibu, kama mtu mwema. Hapo mwanzo ukawa umefika, na kitendawili kikanijia chenyewe mdomoni. Nikaamka nacho.

Kumekucha. Pindo la khanga yangu lilikuwa na fundo, na mimi silali na fundo. Nikalifungua. Mji haukuwemo, ulikuwa nje unasukutua, haukupungua hata kibanda. Lakini unyoya ulikuwemo. Mweupe, umelowa, unanuka vitunguu. Mimi sifugi bata, wala jirani zangu. Kwasenga yote bata wanasikika nyuma ya geti moja tu.

Nikaufunga tena, nikaenda mkutanoni, nikakaa mbele kabisa. Mwantumu alikuwa pembeni peke yake, macho chini.

"Bibi naye ana swali?" akauliza Semkuya, huku anawakonyeza wenzake.

"Sina swali, baba. Jibu ninalo." Nikafungua fundo, nikauweka ule unyoya mezani pake. "Kitendawili!"

"Tega!" wakaitika kina mama wote, hata walionuna.

"Msiba wetu unaoga na bata nyuma ya geti la chuma."

Shingo zikamgeukia Semkuya moja moja. Mwantumu akainua macho. Semkuya akautazama unyoya, akajifuta jasho, akautazama tena.

"Hicho... hicho bibi, sikijui."

"Umeshindwa?"

"Nimeshindwa."

"Basi nipe mji."