Mchumo wa Siku ya Nane

Mongina aliweza kuvumilia kunyonywa damu. Kilichomshinda ni kumwona anayemnyonya akimchekea msichana mwingine.

Nganga alikuwa mtunza maktaba katika chuo kimoja cha ualimu juu ya mji mdogo wa Sosiot, Kericho, chuo kilichorithi nyumba ya mawe ya Mzungu mwenye shamba, pamoja na vitabu vyake vya mimea, panya wake na baridi yake yote. Ukutani ilitundikwa picha ya makarani wa shamba, mwaka wa 1957. Wa tatu kutoka kushoto alikuwa na uso wa Nganga, kijana wa miaka ishirini na miwili, shati limefungwa hadi kooni. Wanafunzi walisema ni babu yake. Mongina peke yake ndiye aliyekwenda na kioo cha kukuza, akaliona kovu lile lile juu ya nyusi, kisha akamfuata Nganga na kumuuliza macho kwa macho. Wasichana wa kwao, Chepilat, hawaogopi kuuliza. Nganga hakukana. Alifunga mlango wa maktaba, akasema ana njaa ya miezi miwili, na Mongina, Mungu amsamehe, akafungua kifungo cha kola kwa mkono wake mwenyewe.

Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita. Tangu hapo walikutana kila siku ya nane, saa kumi, mvua ya Kericho ikiwa imeripoti kazini na jua limefukuzwa. Nganga hakuwahi kuchelewa. Alikunywa kidogo tu, midomo baridi nyuma ya shingo, chini ya nywele, halafu akamfundisha majina ya Kilatini ya mimea mpaka kizunguzungu kipungue.

Mongina alikuwa amelelewa na robo tatu ya ekari ya majani chai, na kwao hapakuwa na siku iliyoheshimiwa kama siku ya mchumo. Wageni wangengoja, hata homa ingengoja, lakini siku ya nane ikirudi, zamu ya kuchuma kipande chao, mama yake alikuwa shambani na kapu mgongoni kabla umande haujakauka. Ndiyo maana msichana alihesabu siku zake nane, akajiambia kwamba anapendwa. Nani angeshika siku namna hiyo kwa kitu asichokijali?

Kisha akaja Valary.

Alikuwa wa mwaka wa kwanza, mtu wa Ndanai, mwenye kicheko cha kuamsha maktaba nzima. Nganga alimruhusu kula mandazi juu ya vitabu, yule yule Nganga aliyewahi kumfukuza Mongina kwa sababu ya peremende moja. Aliinama mezani kwake, akamsikiliza hadithi za ng'ombe wa shangazi yake, akacheka. Mongina hakujua kwamba Nganga ana meno mazuri hivyo. Wivu ulimshika. Swali likawa moja tu: huyu naye ananyonywa? Kama ananyonywa, basi Mongina hana chake tena.

Jumamosi akajitolea kumsuka Valary nywele. Hakukuwa na wema wowote hapo. Msusi huona shingo yote. Alimkalisha chini bwenini, akamgawa kichwa kwa chanuo, akaanza matuta kutoka kisogoni, polepole, huku akikagua ngozi kwa macho na vidole.

Safi. Hapakuwa hata na mkwaruzo.

Mongina nusura aimbe. Mimi ndiye, alijiambia, mimi peke yangu! Furaha ikamtia uchokozi.

"Nasikia wewe na Nganga mnasumbua watu huko maktaba," akasema.

"Ai, Mongi, usivute hivyo!" Valary alicheka, kisha akashusha sauti. "Huyo jamaa ni shida. Nimemwambia, kama ni damu unataka, si uchukue tu, mimi niko nayo mob, hata haiishi. Amekataa kabisa."

Vidole vya Mongina vilisimama. "Alikwambia yeye ni nani?"

"Siku ya kwanza. Haki ya Mungu, alilia. Akasema kuna mtu humsaidia, jina hakutaja. Nilimwonea wivu huyo mtu, wacha tu! Nikamuuliza, kwa nini yeye na si mimi? Unajua alinijibu nini? 'Wewe nataka uzeeke nikikuona.'"

Kwao Mongina, kando ya lango, kulikuwa na mchai mmoja ulioachwa ukawa mti, mrefu kupita paa, wenye maua meupe. Baba yake aliupanda siku aliyomleta mama yake nyumbani, na hakuna aliyethubutu kuugusa. Michai mingine yote ilikatwa ikabaki usawa wa kiuno, ikatiwa mbolea, ikachumwa zamu baada ya zamu. Alikuwa amelijua hilo tangu utotoni, na bado alikuwa amehesabu siku zake nane kwa fahari, mjinga wa kutupwa.

"Mbona umeacha kusuka?" Valary akauliza.

"Chanuo limekwama."

Siku ya nane ilipofika, mvua ilinyesha kwa hasira. Nganga alikuwa akingoja nyuma ya rafu za mwisho, mkono tayari umenyooshwa kuelekea kola ya Mongina.

"Leo hunywi," Mongina alisema. "Leo kaa na mimi tu. Niulize kitu kunihusu. Chochote."

Nganga alikaa. Mtu aliyesoma kila kitabu cha nyumba ile alitazama saa, akatazama shingo, akafikiri weee.

"Wiki hii umekula mboga?" akauliza.

Mongina alicheka, na machozi yakafuata hapo hapo. "Mama yangu anaitwa nani, Nganga?"

Nganga aliitazama tena saa.

"Mongina, nina njaa."

"Nenda kwa Valary."

"Siwezi. Valary ni..."

"Basi kaa na njaa yako. Na akuone nayo."

Nganga alitoka akiyumba. Mongina alikimbilia dirishani, na alichoomba pale si kizuri kusimuliwa: aliomba Valary naye ang'atwe, wawe sawa. Valary alikuwa barazani na mwavuli, akimngoja, matuta yamelala vizuri kichwani. Nganga alimwona zikibaki hatua kumi. Alisimama. Alijifunika mdomo kwa mikono miwili, akageuka, akakata mbio katikati ya michai, akianguka na kuinuka kwenye mvua, Valary akimwita kwa jina.

Mongina alibaki dirishani, wivu umemjaa kuliko siku zote. Miezi saba, na Nganga hakuwahi hata mara moja kumkimbia yeye.