Sauti Chini ya Hotuba

Jumatatu moja ya mwezi wa tano mwaka 1984, saa mbili kasoro robo asubuhi, Tufaha binti Humaidi alikuwa akisafisha kichwa cha mashine ya kanda kwa kipande cha kanga kuukuu, maana pamba ilikuwa haijaonekana dukani tangu masika. Alikuwa amefanya kazi katika chumba kile cha kurekodia, nyuma ya ofisi moja mjini Tabora, kwa miaka kumi na mitatu. Magoti yalikuwa yakimuuma, na nyumbani kwake Chemchem sukari ilikuwa imekwisha tangu Alhamisi.

Ndugu Justus, mkuu wake wa kazi, aliingia amekumbatia sanduku jeusi na deki ya video. Ulikuwa msaada kutoka nje.

"Hii ni mashine ya tarakimu," alisema. "Unaunganisha waya kutoka kwenye mashine yako ya zamani. Sauti inaingia hapa, inageuzwa hesabu, hesabu inakaa kwenye kanda ya video. Haichakai."

"Haizeeki?"

"Ndiyo maana wametuletea."

Kila mtu pale ofisini alijua kwamba sauti zilizorekodiwa kwenye kanda za kawaida huzeeka pamoja na wenyewe. Aliyerekodiwa kijana, baada ya miaka kumi alisikika mtu mzima. Aliyepata pumu alisikika akitweta. Aliyefariki alinyamaza, na nafasi yake katika wimbo ikabaki ngoma tupu. Wakati fulani mhasibu alilalamika kwamba jambo hilo linavuruga kumbukumbu za taifa. Likafunguliwa jalada, kisha jalada likapotea.

Tufaha aliijaribu ile mashine siku hiyohiyo. Alikuwa na mafua. Alihesabu moja hadi kumi mbele ya kipaza sauti, akajirekodi kwenye kanda na kwenye tarakimu kwa pamoja. Jumamosi mafua yalipomtoka, yalitoka na kwenye kanda. Kwenye tarakimu yalibaki.

Wiki iliyofuata Justus alileta barua. Kijiji cha Isungwa Mpya, upande wa Sikonge, kilikuwa kinatimiza miaka kumi tangu wananchi wahamishiwe pale. Ulitakiwa ule wimbo wa wanawake wa Isungwa ya zamani uliorekodiwa mwaka 1973, upigwe siku ya sherehe.

"Uhamishie kwenye tarakimu, halafu ufute kanda," alisema Justus. "Tutarekodia hotuba ya mgeni rasmi. Kanda mpya hakuna."

"Kanda hiyo ina mtu, ndugu Justus."

"Kanda zote zina watu, ndugu Tufaha."

Mtu mwenyewe alikuwa Benedikta. Siku ya kurekodi alikuwa na miezi sita, amefungwa mgongoni kwa mama yake, Marcelina, na alilia katikati ya ubeti wa pili. Mwaka uliofuata yalikuja malori mawili kuwahamisha watu wa Isungwa. Marcelina alikuwa ameenda kisimani. Aliporudi, nyumba zilikuwa zinaungua, na bibi wa mtoto, Apolinaria, alikuwa ameshapandishwa lori la pili pamoja na Benedikta. Marcelina akapandishwa la kwanza. Lori la pili lilifuata karatasi nyingine na njia nyingine. Apolinaria alikuwa na mtoto wa jicho, hakuweza kuona walikoshushwa.

Marcelina alitafuta vijiji vyote alivyoweza kuvifikia kwa miguu, hadi Igunga. Baadaye akagundua kwamba ile kanda ya wimbo ilikuwa imehifadhiwa kwa Tufaha. Kila mwaka baada ya mavuno alikuja Tabora kuisikiliza. Mwaka 1976 sauti ya Apolinaria, aliyekuwa mmoja wa waimbaji, ilinyamaza, yeye na Tufaha wakajua kwamba amefariki. Lakini kilio cha mtoto kilikuwa kimeshageuka kuwa sauti ya mtoto anayejaribu maneno, na mwaka baada ya mwaka ikawa sauti ya msichana anayeimba pamoja na wenzake, akirukaruka maneno ambayo bibi hakuwahi kumaliza kumfundisha. Ndivyo Marcelina alivyojua kwamba mwanawe yu hai. Wapi, kanda haikusema.

Tufaha alituma salamu kwa dereva wa lori la tumbaku. Baada ya siku tatu Marcelina alifika, vumbi hadi kwenye kope.

"Shikamoo, Bi Tufaha."

"Marahaba, mama Benedikta. Kaa kwanza, upumzike."

Alimweleza yote. Marcelina alilitazama lile sanduku.

"Humo atakua?"

"Hatakua. Atabaki hivi alivyo leo."

"Basi huyo ni wa sherehe yao. Mimi nataka wa mwakani."

Walienda pamoja ofisini kwa Justus. Hakuwa mtu mbaya. Aliwapa viti, akatafuta orodha ya uhamisho, akaisoma mstari kwa mstari, kidole juu ya karatasi.

"Wote waliopakiwa walifika," alisema.

"Mwanangu hakufika, baba."

"Jina lake halimo humu."

"Halimo kwa sababu hakufika."

"Mama, asiyekuwamo kwenye orodha nitamtafutaje? Nikiandika kwamba amepotea, wataniuliza alipotea kutoka wapi." Alivua miwani, akafikicha macho. "Hotuba ni Jumamosi ijayo. Imeshapigwa chapa."

Marcelina alirudi kwao kwa lori lilelile la tumbaku. Hakulia. Alimwachia Tufaha neno moja tu: "Wewe ndiye mwenye mashine."

Alhamisi kabla ya sherehe Tufaha aliunganisha waya, akauhamisha wimbo wote kwenye tarakimu. Kisha akachukua bisibisi, akalegeza kichwa cha kufutia mpaka kikawa hakigusi kanda sawasawa. Alikuwa na watoto wanne na mume asiye na kazi, na bisibisi ilikuwa mali ya serikali. Jumamosi alirekodi hotuba juu ya kanda ileile.

Sherehe ilikwenda vizuri. Wimbo wa tarakimu ulitoka kwenye spika safi kama maji yaliyochujwa. Mgeni rasmi alisema kwamba wananchi wa Isungwa walihama kwa hiari, wakafika wote salama. Watu walipiga makofi, wakagawiwa soda.

Jumatatu Justus alikuja kuisikiliza kanda ya hotuba. Chini ya sauti ya mgeni rasmi kulikuwa na msichana anaimba, polepole, kama mtu anayeosha vyombo.

"Nani huyo?"

"Benedikta."

Justus alisikiliza hadi mwisho. Halafu akaandika kwenye taarifa yake kwamba hotuba ilipokelewa kwa nyimbo, akapiga muhuri.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno, Marcelina alikuja tena. Ili amsikie mwanawe ilimbidi aisikilize hotuba yote, dakika arobaini na moja. Alikaa sakafuni, sikio kwenye spika, Tufaha kando yake akinyoosha magoti. Sauti ya msichana ilikuwa imeanza kunenepa. Kila mara mgeni rasmi alipovuta pumzi, ilisikika vizuri zaidi.

"Anakohoa," alisema Marcelina.

"Nimemsikia. Tangu mwezi jana."

"Kikohozi kikavu."

"Kikavu, ndiyo."

Marcelina alifungua kikapu, akatoa chupa ya asali ya msituni iliyozibwa kwa gunzi.

"Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Asichanganye na maji baridi."

Tufaha aliipokea kwa mikono miwili. Marcelina alipoondoka kuwahi lori, Tufaha alikata kipande cha karatasi yenye gundi, akaandika: Benedikta, miaka kumi na miwili. Alifikiri kidogo kuhusu mstari wa kijiji, akauacha wazi. Kisha akailamba gundi na kukibandika kwenye chupa.